Busta ya gari: kagua waya kabla ya namba

Ukiingia duka la vifaa vya magari, uwe Gerezani Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga Nairobi, utakuta busta za mkononi, za kuwashia gari lenye betri iliyokufa, zimepangwa rafuni zikishindana kwa namba: ampea 1,000, ampea 2,000, ampea 4,000. Muuzaji atakusogezea yenye namba kubwa. "Chukua hii, bosi wangu, inawasha mpaka Fuso." Kidude chenyewe kinaenea kiganjani.

Piga hesabu kabla ya kutoa hela. Ampea 4,000 kwa volti 12 ni wati 48,000, yaani pasi 48 za wati 1,000 zikichomekwa kwa mpigo. Kifaa kisichofika kilo moja hakiwezi kutoa nguvu hiyo kwa sekunde kadhaa mfululizo. Namba ya mbele ya boksi ni ya kilele, ya kufumba na kufumbua, na kila mtengenezaji huipima apendavyo. Betri ya gari ina nidhamu zaidi: CCA inayobandikwa juu yake ni ampea inazotoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bila volti kushuka chini ya 7.2. Kwenye busta, tafuta namba ndogo iliyojificha ndani ya kijikaratasi cha maelezo, ile ya mkondo wa kuwashia. Kama haipo, mrudishie muuzaji boksi lake.

Sasa gari lenyewe linataka nini? Stata ya Vitz au IST yenye injini ya lita 1.3 huvuta kati ya ampea 100 na 200 baada ya mshtuko wa kwanza, na gari zima huwaka ndani ya sekunde chache. Chukua ampea 150, volti 10, sekunde 3: unapata juli 4,500, ambazo ni wati-saa 1.25 tu. Pawabenki ya simu ya mAh 10,000 ina takriban wati-saa 37. Umeme, basi, upo wa kutosha hata kwenye busta ndogo. Kazi ni kuutoa wote kwa kasi bila volti kuporomoka, kwa sababu volti zikianguka stata itagonga "ta-ta-ta" na taa za dashibodi zitafifia. Zamani ungewaita vijana wasukume gari, uachie klachi, likawaka. Gari la auto halitaki habari hiyo.

Ndiyo maana mAh haikuambii mengi. Huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli moja, kwa hiyo mAh 20,000 ni wati-saa 74. Uliza wati-saa, hasa kama unasafiri kwa ndege: mashirika mengi yanakubali hadi wati-saa 100, nayo iwe kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Kinachosema kweli ni waya na vibanio. Omba boksi lifunguliwe. Waya nene kwa macho inaweza kuwa mpira mtupu wenye nyuzi chache za shaba katikati. Ikunje, ipime uzito mkononi, chungulia pale inapoingia kwenye kibanio. Ikiwa shaba ya ndani ni milimita 2.5 za mraba, kama waya wa soketi za nyumbani, nyaya mbili za sentimita 30 zitakula karibu volti 0.8 kwenye ampea 200. Shaba ya milimita 8 itakula kama robo volti. Halafu bana na kuachia kibanio mara kadhaa. Springi ikiwa legelege, usichukue busta hiyo. Tazama pia meno: kwenye vibanio vya bei poa, waya umefungwa kwenye taya moja tu na taya ya pili haina kazi ya umeme. Vizuri vina kipande cha shaba kinachounganisha taya zote mbili.

Kisanduku kidogo katikati ya waya ndicho mlinzi. Ukigeuza nyekundu na nyeusi, kinakataa kupitisha umeme na kupiga kelele. Usinunue busta isiyokuwa nacho. Betri ikiwa imekufa kabisa, mlinzi huyo haoni kitu, ndipo kinapotumika kitufe cha kulazimisha. Ukikibonyeza, ulinzi mwingi huzimika, kwa hiyo hakikisha rangi mara mbili, maana kosa hapo linaweza kuunguza kompyuta ya gari.

Wenye dizeli wanahitaji zaidi. Injini ya petroli hubana hewa kwa uwiano wa kama 10 kwa 1. Dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, hupita 20 kwa 1, na stata yake inafanya kazi nzito kweli. Na ile Fuso ya muuzaji? Malori mengi ya aina hiyo yana mfumo wa volti 24. Busta ya volti 12 haihusiki hapo.

Kwetu adui mkubwa ni joto. Gari lililoanikwa juani Dar mchana linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na betri za lithiamu nyingi hazitakiwi kuhifadhiwa juu ya hapo. Busta ikivimba, imekwisha, usiichaji tena. Aina ya lithiamu-fosfeti ya chuma huvumilia joto zaidi, ila ni nzito. Mimi, kwa mtu anayeegesha juani kutwa, ningemshauri busta ya kapasita: haihifadhi umeme kwa muda mrefu, hunyonya uliobaki kwenye betri iliyochoka au kutoka pawabenki kwa dakika kadhaa, kisha huumwaga wote kwa mara moja. Haitachaji simu yako, ni kweli.

Ya lithiamu ichaji kila miezi mitatu hata kama hujaigusa. Siku ya kazi, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi au chuma tupu cha injini, piga stata sekunde tatu hadi tano, likikataa pumzika nusu dakika. Kwenye Prius nyingi, betri ya volti 12 iko nyuma, lakini kuna ncha ya kubusti kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti.

Gari likiwaka, toa vibanio na upime betri kwa mita. Alteneta nzima itaonyesha volti 13.8 hadi 14.4. Ukiona 12 na zinaendelea kushuka, zima redio na kiyoyozi, uende moja kwa moja kwa fundi umeme.