Kwa Nini Tapeli wa Simu Huuliza Namba ya Siri

Bangwe ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika mwambao huu mnunuzi wa dagaa aliye mbali huagiza mzigo kwa simu na kuulipia kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Penye mkoba, mwizi hakosi kufika.

Hesabu ya namba ya siri

Namba ya siri ya tarakimu nne yaweza kupangwa kwa njia 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Mitambo hufunga huduma mtu akikosea mara chache. Mwizi akipata nafasi 3 za kubahatisha, uwezekano wake wa kufaulu ni 3 kati ya 10,000 tu, mradi mwenye simu hakuchagua namba nyepesi kama mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa hiyo tapeli habahatishi. Huuliza.

Mbinu zake

Chukuliwe mfano wa mama mwenye biashara ya dagaa. Simu inalia: “Mama, shikamoo. Nakupigia kutoka makao makuu ya kampuni ya simu. Laini yako inafungwa leo. Nitajie tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako.” Maneno hayo yana silaha tatu: cheo, ili asihojiwe, hofu, ili akili ivurugike, na haraka, ili mama asipate nafasi ya kumwuliza mwanawe au jirani. Mama akizitaja tarakimu hizo, mtaji wa msimu mzima waweza kutoweka.

Mbinu ya pili ni ujumbe wa uongo unaosema kwamba fedha zimeingia, kisha mtu hupiga akilia kuwa amekosea namba, arudishiwe. Hapa yafaa kutofautisha vitu viwili. Salio ni kumbukumbu iliyo katika kompyuta ya kampuni. Ujumbe ni maandishi tu, na maandishi yeyote aweza kuyaandika. Kinachothibitisha ni salio.

Kinga

Namba inayoonekana simu inapoingia ni dai tu, na yaweza kughushiwa. Lakini namba anayoipiga mwenye simu mwenyewe hupelekwa na mitambo hadi kwa mwenye namba hiyo. Kanuni ni hii: akatae kujibu maswali, akate simu, kisha apige mwenyewe. Huduma kwa wateja hupatikana kwa namba 100. Namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Aliyekwisha kuibiwa aiarifu kampuni mara moja, kisha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu makosa ya namna hii.

Aidha, usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, haukumaliza ulaghai, kwani tapeli huweza kutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Kila mwananchi aweza kukagua laini zilizo katika jina lake kwa kupiga *106#.

Zoezi

1. Namba ya siri ikiwa na tarakimu sita, mipangilio yake itakuwa mingapi?
2. Je, wingi huo utamsaidia mtu anayeitaja namba yake kwa tapeli? Eleza.