Fundi wa kinu asiyeingia ndani

Stima ikipotea Lavington usiku wa mvua, mama huwasha mshumaa, baba hupiga simu, nao watoto wenye mtihani hununa. Hatimaye mafundi hufika. Mmoja hupanda nguzo, akaunganisha waya, na mwanga ukarudi. Je, msomaji, ingekuwaje kama penye hitilafu hapawezi kufikiwa na binadamu yeyote?

Swali hilo linawakabili wanasayansi wanaotafuta umeme kwa kuliiga jua. Vinu vya nyuklia vilivyozoeleka hupasua viini vya atomu. Hawa huviunganisha. Hidrojeni hupashwa joto hadi nyuzi milioni 150, mara kumi ya joto la katikati ya jua, huku sumaku zikiizuia isiguse kuta.

Lakini nyutroni hazizuiliki kwa sumaku. Huzipiga kuta hadi kuta zenyewe zikatoa miale ya hatari. Nani basi atabadilisha kigae kilichoharibika?

Jibu lilipatikana Culham, Uingereza, kwenye mtambo wa JET uliofanya kazi kuanzia 1983 hadi Desemba 2023. Baada ya majaribio makubwa ya 1997, ndani hapakuingilika. Mwaka 1998, vipande vya sakafu ya mtambo huo vilibadilishwa bila mtu kutia mguu humo. Kazi ilifanywa na roboti iitwayo Mascot, yenye mikono miwili, iliyopenyezwa kwa mkono mrefu wa chuma wenye viungo.

Fundi mwenyewe aliketi chumba kingine, macho kwenye skrini, ameshika mikono ya chuma iliyofanana na ya roboti. Roboti ilipogusa kitu, naye alihisi uzito wake mkononi.

Hata hivyo, kazi haikuanzia humo. Kila hatua ilijaribiwa kwanza kwenye kompyuta, kuhakikisha mkono hautagonga ukuta. Kisha mafundi walifanya mazoezi nje, katika mfano wa sehemu ya mtambo wenye ukubwa uleule. Na si ajabu. Roboti ikikwama ndani, hakuna wa kuingia kuikwamua.

Faida ni ipi? Mnamo Oktoba 2023, JET ilitoa megajuli 69 za nishati kwa sekunde zipatazo tano, kutokana na miligramu 0.2 tu za fueli. Hiyo ni kama uniti 19 za stima, ingawa mtambo wenyewe ulitumia nyingi zaidi. Kazi ya kuuvunja JET, iliyoanza 2024, nayo inategemea roboti. Mtambo mkubwa zaidi, ITER, unajengwa kusini mwa Ufaransa, nao utahitaji mafundi wa aina hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinu kisichoweza kutengenezwa hakitauzia mtu umeme, hata kiwe na joto kushinda jua. Kwa hivyo, mzazi, mtoto anayefungua redio ili aone kilichomo usimkaripie mno. Huenda ndiye fundi anayetafutwa.