Homoni Iliyopewa Jina la Fahali

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam, na kwenye kuta za Mombasa na Nairobi pia, matangazo ya waganga hubandikwa moja juu ya jingine: kumrudisha mpenzi, mvuto wa biashara, nguvu za kiume. Hilo la mwisho halikosekani. Mwanamume wa miaka 55 ambaye mambo yamelegea chumbani ana nguzo nzima inayomsemea, ana mizizi na unga wa kila aina, na tangu 1998 ana Viagra. Mke wake, aliyelala upande wa pili wa kitanda hicho hicho, hana hata tangazo. Akisema hamu imemwisha, ataambiwa umri umekwenda, ashukuru Mungu kwa watoto, ashike ibada na wajukuu.

Kuna jambo ambalo anastahili kulijua. Testosteroni, ile tuliyozoea kuiita homoni ya kiume, ni yake pia, na amekuwa nayo tangu usichana. Jina ndilo lililotupoteza. Mwaka 1935 watafiti wa Amsterdam, kundi la Ernst Laqueur, walichakata korodani za mafahali zipatazo kilo 100, wakaambulia kama miligramu 10 za fuwele safi. Wakaipa homoni hiyo jina la pale walipoitoa. Lakini ovari za mwanamke, vile vifuko vya mayai, huitengeneza pia, kwa msaada wa tezi zilizokaa juu ya figo, na kutokana nayo mwili huunda estrogeni. Pasipo testosteroni, hiyo tunayoiita homoni ya kike isingepata malighafi. Mwanamume anayo nyingi mno kumzidi mwanamke, hilo ni kweli. Hata hivyo, katika damu ya mwanamke kijana, siku nyingi za mwezi, testosteroni huizidi estradioli, ambayo ndiyo estrogeni kuu.

Nayo haiondoki kwa kishindo. Estrogeni huporomoka hedhi inapokoma, ndipo vinakuja vile vipindi vya joto la ghafla na jasho la usiku. Testosteroni hupungua polepole tangu miaka ya ishirini, na mwanamke anapofika arobaini na kitu huwa amebakiwa na takriban nusu ya aliyokuwa nayo ujanani. Kukoma hedhi kwenyewe hakuishushi ghafla.

Anayepata pigo la ghafla ni aliyepasuliwa. Hapa naomba kutua kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu kinaficha kitu. Tunasema "alitolewa kizazi", basi, habari imekwisha. Kizazi ni kimoja na ovari ni mbili, na upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi kwa sababu ya uvimbe unaweza kuziacha ovari au kuzichukua. Zikichukuliwa zote mbili, testosteroni hushuka kwa karibu nusu mara moja, na estrogeni huanguka pamoja nayo kama hedhi ilikuwa haijakoma. Wapo wanawake wanaotoka hospitali bila kujua walitolewa nini. Nadhani hilo ni swali la kuuliza kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji, na kama fomu ilishatiwa saini miaka iliyopita, bado linaulizika: ovari zangu zipo?

Wanawake waliotolewa ovari ndio waliotengenezewa dawa ya kwanza mahsusi. Kampuni ya Procter & Gamble ilitoa kibandiko kiitwacho Intrinsa, kinachobandikwa tumboni na kubadilishwa mara mbili kwa wiki, kikipenyeza ngozini mikrogramu 300 za testosteroni kwa siku. Desemba 2004 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikikataa. Halikusema hakifanyi kazi. Lilitaka ushahidi zaidi wa usalama wa muda mrefu. Hofu ile ilikuwa na chanzo chake. Miaka miwili nyuma, mwaka 2002, utafiti mkubwa wa tiba ya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi ulisitishwa kabla ya wakati baada ya saratani ya matiti na maradhi ya moyo kuonekana kuongezeka kwa waliomeza estrogeni na projestini. Hakuna aliyetaka kurudia. Ulaya ilikiidhinisha kibandiko mwaka 2006 kwa wanawake waliotolewa ovari na kizazi, na mwaka 2012 kikaondolewa sokoni kwa sababu za kibiashara. Siwalaumu washauri wale kwa kuogopa. Ninachosikitikia ni kwamba ushahidi uliotakiwa mwaka ule haujakamilika hadi leo.

Wakati huo huo utafiti ulikuwa umeendelea. Mwaka 2008 Susan Davis wa Australia na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 814 waliokoma hedhi na wasiotumia estrogeni. Katika wiki nne, waliovaa kibandiko cha mikrogramu 300 waliongeza wastani wa mara 2.1 za tendo la ndoa lenye kuridhisha. Waliovaa kibandiko kisicho na dawa ndani nao waliongeza, kwa 0.7. Mwaka 2019 majaribio 36 yenye washiriki zaidi ya 8,000 yaliwekwa kwenye mizani moja, na jibu likatoka: nyongeza ya takriban mara moja kwa mwezi, pamoja na hamu iliyorudi na mahangaiko yaliyopungua. Mara moja inaweza kuonekana ndogo. Kwa mtu aliyekuwa akigeukia ukutani kila usiku kwa miaka mitatu, si ndogo.

Na huko ndiko faida inakoishia, kwa tunayoyajua sasa. Mwaka huo huo vyama vya kitabibu vya nchi mbalimbali vilitoa tamko la pamoja: sababu moja tu yenye ushahidi wa kumpa mwanamke testosteroni ni kupotewa na hamu baada ya kukoma hedhi, tena hamu ambayo kupotea kwake kunamsumbua mwenyewe. Kwa usahaulifu, uchovu, mifupa, misuli au huzuni, ushahidi wa kutosha haukuonekana. Nalisisitiza hili kwa sababu habari inayotufikia kwenye simu, kutoka Uingereza na Marekani, husema vingine. Davina McCall, mtangazaji wa Uingereza, aliifikisha mada hii sebuleni kwa watu kwa vipindi vyake vya televisheni vya 2021 na 2022, na wanawake wengi wakaenda kuidai kwa madaktari. Kuvunja ukimya ni jambo jema sana. Lakini nyuma ya ukimya uliovunjika husimama wauzaji, na wapo wanaopandikiza chini ya ngozi chembe za testosteroni mithili ya kijiti cha uzazi wa mpango, wakiahidi ujana. Chembe ikishaingia, kipimo hakipunguziki. Sauti ya mwanamke ikiwa nzito kwa homoni iliyozidi, inaweza isirudi tena.

Neno "kumsumbua" lina uzito. Asiye na hamu na asiyehangaika nayo si mgonjwa, hata mumewe akinung'unika. Anayehangaika naye aulizwe mengine kwanza: tendo lenyewe linauma? Ukavu wa ukeni una krimu yake ya estrogeni, na hakuna anayetamani kinachomuumiza. Anatumia dawa za sonona? Baadhi yake huzima hamu. Analala? Mumewe anamsemesha vipi mchana? Kungwi na somo walitufunza haya tulipokuwa wanawali. Hedhi ilipokoma hakuna aliyetuweka ndani tena.

Kipimo cha damu hakitoi jibu la nani ana hamu na nani hana. Hupimwa ili kujua pa kuanzia na kuhakikisha dozi haivuki kiwango cha mwanamke. Chunusi na vinyweleo vinaweza kuongezeka. Mwenye uwezekano wa kupata mimba asiiguse testosteroni, kwani inaweza kumdhuru mtoto wa kike tumboni. Miezi sita ikipita bila nafuu, huachwa. Na sindano za wanaume, zile za miligramu 250, mwanamke asizikaribie.

Australia iliidhinisha mwaka 2020 krimu ya testosteroni ya wanawake, miligramu 5 kwa siku. Uingereza, kwa miaka mingi baada ya kibandiko kuondoka, madaktari waliandika jeli ya wanaume na kumfundisha mgonjwa kuigawa. Pakiti ambayo mwanamume huimaliza asubuhi moja, yeye huibana mdomo na kuitumia kwa siku nane hadi kumi. Tone dogo kama punje ya choroko, pajani, akinawa mikono na kusubiri ngozi ikauke kabla ya kumpakata mjukuu.