Msaada, mkopo au mabadilishano? Maneno yanayobeba uhusiano wa Kongo na China

Kiangazi kilichopita nilisafiri kwa basi na baba mdogo kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi. Tulipofika mahali ambapo lami ni nzuri, akanigusa bega akasema: "Ona njia hii. Ni Bachina balitusaidia." Nikamuuliza nani aliilipa. Akanitazama kama mtoto asiyejua kuhesabu. "Si nimekuambia? Ni Bachina."

Baba mdogo hakusema uongo. Alitumia tu kitenzi alichopewa na redio, na wanasiasa, na mabango ya uzinduzi. Lakini tangu siku ile kitenzi hicho kimenikaa kichwani, maana sisi tunaosoma lugha tunajua kwamba mtu akisema "amenisaidia" hadai risiti, na akisema "amenikopesha" anaanza kuhesabu siku. Katika makala hii nataka kueleza ushirikiano wa kidiplomasia kati ya Afrika na China, hasa ule unaotuhusu sisi wa Katanga, kwa kupitia maneno machache yanayoubeba. Wenzetu wa uchumi wana njia yao.

Nianze na "ushirikiano" lenyewe. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye maana ya kuwa na fungu katika jambo, na kiambishi -an- kinaongeza kutendeana. Neno la Kichina linalosimama mahali pake katika hotuba ni hezuo: he ni kuungana, zuo ni kufanya. Kutendeana hakumo, kuna watu wanaofanya kazi moja. Wachina wakitaka kutendeana wana neno jingine, huli, faida ya huku na huku, na ndilo ambalo watangazaji wao wa Kiswahili (idhaa yao ya Kiswahili ilianza Beijing mwaka 1961) hulitafsiri kwa "kunufaishana". Tafsiri nzuri. Ila -an- ina tabia yake: inasema pande zote mbili zinatenda, haisemi kila upande umetenda kiasi gani. Tukisema Kasongo na Ilunga wamepigana, sarufi haituambii nani alirudi nyumbani bila jino.

Wazo la kunufaishana si la jana. Mwishoni mwa 1963 na mwanzoni mwa 1964 Waziri Mkuu Zhou Enlai alizunguka nchi kumi za Afrika, na huko Accra, Januari 1964, akatangaza kanuni nane za misaada ya China. Ya kwanza ilikataa kuita misaada hiyo sadaka ya upande mmoja. Msaada, alisema, ni wa pande zote mbili. Kwa masikio ya nchi zilizokuwa zimetoka ukoloni juzi tu, hilo lilikuwa neno jipya.

Upande wa pili ulilipa kwa kura. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2758 lililoipa Jamhuri ya Watu wa China kiti kilichokuwa kinakaliwa na serikali ya Taiwan. Kura za ndiyo zilikuwa 76, za hapana 35, na waliojizuia 17. Zaidi ya robo ya zile za ndiyo zilitoka Afrika, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuipigania Beijing. Sisi je? Kongo ilikuwa miongoni mwa wale 35 waliosema hapana. Siku mbili baadaye nchi yetu ikabadilishwa jina kuwa Zaire, na mwaka uliofuata, Novemba 1972, Zaire hiyohiyo ikafungua uhusiano na Beijing. Januari 1973 Mobutu alikuwa China akimpa Mao mkono. Jumba la Watu mjini Kinshasa, linamokaa Bunge letu, lilikamilika mwaka 1979 likiwa limejengwa na Wachina.

Mfano ambao kila msemaji wa Kiswahili anaujua ni reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambako shaba ya Zambia, na baadaye sehemu ya shaba yetu, ilipata njia ya bahari isiyopita kwa makaburu. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia walisema reli hiyo haina faida. China ikaijenga kati ya 1970 na 1975. Watu wakaiita Reli ya Uhuru, na huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yapo makaburi ya Wachina waliofia kazi ile. Hata hivyo fedha zile zilikuwa mkopo: yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka mingi. Masharti mepesi mno, hakuna ubishi. Lakini hata hapo, katika midomo ya watu, mkopo ulishinda kujificha nyuma ya msaada.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo neno moja lilipopimwa kwa mabilioni.

Aprili 2008 serikali ya Kongo na kundi la kampuni za dola za China walitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Sicomines, yenye machimbo karibu na Kolwezi. Wachina walichukua hisa asilimia 68, upande wa Kongo kupitia Gécamines ukabaki na 32. Muundo wake ulifuata njia ambayo Angola ilikuwa imeitumia kwa mafuta yake: China inatoa fedha za kuchimba mgodi na za kujenga barabara, hospitali na vyuo, mgodi unazaa shaba na kobalti, faida ya mgodi inarudisha fedha zote, za mgodi na za barabara, na hadi zirudi kodi zinasamehewa. Jumla ilikuwa dola bilioni 9: bilioni 3 za mgodi na 6 za miundombinu.

Je, huu ni msaada, mkopo au biashara? Serikali ya wakati ule iliita ushirikiano. Shirika la Fedha la Kimataifa liliutazama mkataba, likaona dola inatoa dhamana ya kulipa endapo mgodi hautatosha, likasema: hili ni deni. Na nchi iliyokuwa inaomba kusamehewa madeni yake ya zamani haiwezi kujitwika deni jipya la ukubwa huo. Mabishano yakaendelea mwaka mzima na zaidi. Mwaka 2009 mkataba ukarekebishwa, dhamana ikapunguzwa, na dola bilioni 3 za miundombinu zikafutwa. Jumla ikashuka hadi bilioni 6. Wanafunzi wa semantiki wanaolalamika kwamba somo letu halina kazi mjini wakumbuke mwaka ule: ugomvi ulikuwa juu ya maana ya neno "deni", na uliondoa bilioni tatu mezani.

Miaka kumi na minne baadaye, Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulitoa ripoti yake. Kati ya bilioni 3 za miundombinu zilizobaki, ulisema, zilizotumika ni dola milioni 822 tu. Upande wa China ulipinga na kusema ripoti haielezi hali ilivyo. Mei ya mwaka huohuo Rais Tshisekedi alikwenda Beijing, na Machi 2024 mkataba ukarekebishwa tena. Hisa zilibaki 68 kwa 32. Lakini fedha za miundombinu zikapandishwa hadi dola bilioni 7, Gécamines ikaanza kupata asilimia 1.2 ya mauzo, na Kongo ikaingia kwa asilimia 40 katika bwawa la umeme la Busanga.

Katika marekebisho hayo kuna sehemu ambayo ningependa iandikwe ubaoni katika kila darasa la sintaksia. Malipo ya dola milioni 324 kila mwaka kwa ajili ya barabara yameambatanishwa na bei ya shaba: yanasimama yote endapo bei haitashuka chini ya dola 8,000 kwa tani. "Endapo." Gazeti likiandika "China itatoa bilioni 7", limetafsiri kishazi kikuu na kukitupa kishazi tegemezi. Sisi wa Lubumbashi husema zaidi "kama" mahali ambapo vitabu vya sarufi vinataka -ki-, na watu wa pwani hutucheka kwa hilo. Wacheke. Kwenye mkataba wa namna hii, "kama" ndefu na nzito inayosikika ni bora kuliko silabi moja inayoteleza katikati ya kitenzi.

Kuna kitenzi kingine kinachofanya kazi kimyakimya: "kujengewa". "Tumejengewa barabara." Kauli ya kutendea inatuweka sisi kuwa wapokeaji, kauli ya kutendwa inamwondoa mtendaji, na mlipaji hana nafasi kabisa katika sentensi. Hapo ndipo watu huchanganya mambo mawili ambayo mkataba unayatenga: anayejenga na anayelipa. Kampuni ya Kichina inaweza kujenga barabara kwa fedha za Sicomines, yaani kwa shaba ya Kolwezi. Inaweza pia kushinda zabuni ya Benki ya Dunia na kulipwa na Washington. Mashine ni zilezile, kofia za wafanyakazi ni zilezile, na mpita njia atasema katika hali zote mbili kwamba Wachina wametujengea.

Upande wa juu kabisa, wa marais, kuna ngazi ya majina ambayo wengi huipita bila kuisoma. Diplomasia ya China haiiti marafiki wote kwa jina moja. Katika ziara ile ya Mei 2023 Kongo ilipandishwa hadi ushirikiano wa kimkakati wa pande zote. Kivumishi kimoja kikiongezwa, wanaofuatilia mambo ya Beijing husoma kama tunavyosoma sisi mpangilio wa viti harusini. Septemba 2024, katika Jukwaa la Ushirikiano kati ya China na Afrika, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2000, China ilitangaza kwamba uhusiano wake na kila nchi ya Afrika yenye ubalozi nayo umefika ngazi ya kimkakati. Yaani zote isipokuwa Eswatini, iliyobaki na Taiwan. Rais Xi Jinping aliahidi yuan bilioni 360 kwa miaka mitatu, na kuanzia Desemba 2024 bidhaa za nchi maskini zaidi, yetu ikiwamo, zikafunguliwa soko la China bila ushuru. Ngazi zinapoanza kujaa watu wote, jina hupungua thamani, lakini hilo ni somo la fedha kama lilivyo la lugha.

Nilisoma habari za mkataba wa 2008 na marekebisho yake kwa Kifaransa. Sijawahi kukutana na nakala yake kwa Kiswahili, ingawa Katiba ya 2006 inakitaja pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na ingawa udongo unaochimbwa upo mahali ambapo watu huota ndoto kwa Kiswahili. Kazi hiyo ya kutafsiri iko ndani ya uwezo wa kitivo chetu. Hatuhitaji ruhusa ya balozi yeyote kuianza, na kwa kuanzia ninapendekeza tuache "msaada" pale penye marejesho, tuandike "mkopo" pale penye riba au dhamana, na kwa muundo wa Sicomines tutumie neno la sokoni, "mabadilishano": shaba na kobalti kwa barabara.

Njiani kurudi nilimpa baba mdogo neno hilo. Alilitafuna kidogo hadi tukafika kizuizi cha peaje, konda akashuka kulipa.

"Mabadilishano," akasema. "Basi tuliisha kutoa shaba."

"Ndiyo, baba."

"Na hii ya hapa ni ya nini?"

Konda alikuwa anarudi na tikiti mkononi. Nikamwambia baba mdogo kwamba hilo liko katika mkataba mwingine, na kwamba huo sijausoma.