Leza yachambua chembe za dhahabu kwa ukubwa

Kistari chekundu kinachojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kile anachokisubiri mhudumu wa zahanati baada ya kudondosha tone la damu, mara nyingi ni dhahabu. Ni dhahabu halisi, ila iko katika chembe ndogo mno hata rangi yake imegeuka nyekundu. Kila chembe imevikwa kingamwili zinazonasa protini ya vimelea, na zikirundikana mahali pamoja ndipo jicho huuona mstari.

Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Za kwenye vipimo kwa kawaida huwa na kipenyo cha nanomita 20 hadi 40. Michael Faraday aliuchunguza wekundu huo jijini London mwaka 1857, na mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie akaonyesha kwa hesabu jinsi rangi inavyofuata ukubwa wa chembe.

Shida ni kwamba chembe hizi hutengenezwa kwa kemikali ndani ya maji na hazitoki zikiwa sawa kwa ukubwa. Kwa mgonjwa anayeingiziwa chembe hizi mwilini, tofauti hiyo ina uzito. Zilizo chini ya takriban nanomita 6 zinaweza kuchujwa na figo zikatoka na mkojo; kubwa zaidi hunaswa na ini na bandama, zikakaa humo muda mrefu. Anayetaka kuzitumia kupeleka dawa kwenye uvimbe wa saratani hana budi kujua anaingiza zipi mwilini.

Hapo ndipo leza inapoingia. Mwanga husukuma vitu, ingawa msukumo wake ni hafifu mno kwa mkono wa mtu kuuhisi. Mmarekani Arthur Ashkin alionyesha mwaka 1970 kwamba leza inaweza kusogeza na kushika vitu vidogo sana. Kazi yake hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2018, akiwa na miaka 96. Metali ina jambo la ziada. Elektroni za chembe ya dhahabu hutikisika pamoja na mwanga, na kila ukubwa una rangi yake ya mwanga inayoutikisa zaidi. Chembe ikikua, rangi hiyo husogea kuelekea wekundu. Mwanga ukilingana na chembe, msukumo huongezeka sana.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, waliitumia siri hiyo vizuri sana mwaka 2012. Walielekeza leza mbili za rangi tofauti kutoka pande mbili zinazokabiliana, zikaakisiwa ndani ya kioo kiasi kwamba juu yake ulibaki utando mwembamba tu wa mwanga. Ndani ya utando huo chembe zilizochanganyika zikaachana: za nanomita 100 zikaenda upande mmoja, za 130 au 150 upande wa pili. Hakuna chujio wala kemikali iliyohitajika.

Miaka miwili kabla, wenzao wa Munich, Ujerumani, walikuwa wametumia leza kuhamisha chembe za dhahabu kutoka kwenye maji na kuzibandika juu ya kioo, moja moja, mahali walipopataka.

Kwa maoni yangu, huu ni ufundi wa maabara unaostahili kufadhiliwa, lakini bado si wa kiwanda. Leza hushughulikia chembe chache kwa wakati mmoja, ilhali uzalishaji wa vipimo unahitaji mabilioni kwa mabilioni. Kazi hiyo ya wingi bado inategemea umakini wa kutengeneza chembe zenyewe, pamoja na mashine za kuzungusha kwa kasi zinazozitenga kwa uzito.