Usimpe Sonara Sarafu ya Babu kwa Haraka

Kila unapotamka neno "hela" unaitaja sarafu ya Mjerumani. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya shaba iliyoanza kutolewa katika koloni lake la Afrika Mashariki mwaka 1904. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa na pesa 64, kwa hesabu iliyotoka Bara Hindi. Mjerumani akaigawa rupia katika hela 100, na hesabu ya sokoni ikanyooka. Utawala wake umekwisha zamani, lakini hela imebaki vinywani mwetu, kama ilivyobaki pesa iliyoitangulia.

Sarafu zenyewe nazo zimebaki. Mimi ni mkusanyaji wa sarafu za kale, na watu huniletea walizozikuta katika masanduku ya wazee wao, zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Swali lao ni moja: "Hii ni ya zamani sana, itanipatia kiasi gani?" Jibu langu huwavunja moyo wengi: uzee peke yake hauna bei.

Tazama reale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, iliyotumika sana Uarabuni na pwani yetu. Imeandikwa mwaka 1780. Lakini wafanyabiashara waliizoea mno hata wakawa hawaiamini nyingine, kwa hiyo ikaendelea kutengenezwa kwa mwaka ule ule na sura ile ile, miaka mingi baada ya malkia kuzikwa. Hiyo uliyoishika mkononi yaweza kuwa imezaliwa baada yako.

Basi bei hutoka wapi? Hutoka katika mambo matatu: madini yaliyomo, uchache wa sarafu zilizosalia, na hali ya sarafu yenyewe. Mfano mzuri tunao hapa hapa nyumbani, katika sarafu ambayo wakusanyaji wa dunia huiita pauni ya Tabora.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliziba pwani, na fedha kutoka Ujerumani zikawa haziingii. Serikali ya kikoloni ikachapa noti zake humu humu nchini, lakini watu wakawa na mashaka na karatasi. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, ikatengenezwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20 za Ujerumani, karibu na pauni moja ya Mwingereza. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, na chini herufi T ya Tabora. Upande wa pili una tai wa Kijerumani. Kazi ikakatika mapema, kwa sababu Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Zilizotolewa zilikuwa elfu 16 na ushei tu.

Sasa tupige hesabu. Pauni ya Tabora ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu tu ndiyo dhahabu safi, yaani kama gramu 5.4. Pauni ya dhahabu ya Uingereza ina dhahabu safi ya gramu 7.3. Kwa sonara, basi, ya Tabora ni duni. Lakini kwenye minada ya Ulaya na Marekani ya Tabora huuzwa kwa maelfu ya dola, mara kadhaa ya bei ya dhahabu iliyomo, wakati pauni nyingi za Kiingereza, zilizotolewa kwa mamilioni, huuzwa kwa bei iliyo karibu na ya dhahabu yake. Anayeitia pauni ya Tabora kwenye moto ili apate pete ameunguza urithi wa familia.

Hasara ya pili hufanywa kwa nia njema. Mtu huisugua sarafu kwa jivu na ndimu ili ing'ae mbele ya mnunuzi. Mnunuzi anayejua anaona mikwaruzo, na bei inashuka palepale. Iache na uchakavu wake. Ishike kwa ukingo, uiweke peke yake katika karatasi safi na kavu.

Hasara ya tatu huletwa na matapeli. Utasikia kuna rupia yenye zebaki ndani, au inayovuta punje za mchele, na kwamba tajiri wa Kizungu yuko hotelini anaisubiri kwa mamilioni. Wewe changia tu ada ya vipimo. Ndugu yangu, rupia ya fedha ya Mjerumani ni fedha na shaba kidogo, basi. Haivuti mchele, inavuta akiba yako. Tajiri hayupo, na ada hairudi.

Kipimo cha kweli ni mizani. Shaba ya njano ni nyepesi sana kuliko dhahabu, hivyo pauni ya Tabora ya bandia iliyotengenezwa kwa shaba hiyo, kwa ukubwa ule ule, haitafika hata gramu 5. Sonara yeyote mwenye mizani nzuri atakupimia mbele ya macho yako. Uzito ukikubali, bado usiuze siku hiyo. Piga picha pande zote mbili, uliza wafanyabiashara wawili au watatu, na linganisha na bei zilizotangazwa na minada. Mfanyabiashara lazima apate faida, maana fedha zake hulala ndani ya sarafu mpaka mteja apatikane. Hiyo ni haki yake. Haki yako ni kujua unachouza kabla hujataja bei.

Babu aliyeificha sarafu ile alijua kusubiri. Mjukuu naye asishindwe kusubiri wiki mbili.