Utangulizi: Safari ya Kitufe Kutoka Kidoleni Hadi kwenye Programu

Huenda umewahi kuwa kwenye dirisha la kuandikia amri, ukabonyeza Home ili urudi mwanzo wa mstari, na badala yake ikatokea alama ya ~ ambayo hukuiandika. Kibodi yako ni nzima, nawe hukukosea. Umeugusa tu mshono wa zamani katika kompyuta, na ukiufahamu, mengi yanayowasumbua wanaoanza yatakuwa mepesi.

Tuanze na dirisha lenyewe, liitwalo terminali. Zamani terminali ilikuwa chombo kamili, skrini na kibodi yake, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyokaa mahali pengine. Leo tunatumia programu inayoiga chombo hicho, ndiyo maana huitwa kiigizi cha terminali. Hapa pana msingi ambao ningependa uushike kabla ya mengine yote: waya ule ulipitisha herufi tu. Ukibonyeza a, inakwenda herufi a, basi. Lakini mshale wa juu si herufi. Utapitaje?

Wahandisi walitumia mfuatano wa Esc, yaani herufi chache zinazotumwa kwa pamoja kuwakilisha kitufe kimoja. Ya kwanza huwa ni herufi namba 27 katika ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake. Terminali ya VT100, iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1978, ilituma Esc, mabano [ na herufi A kwa mshale wa juu, B ikawa chini, C kulia, D kushoto. Chombo kimebaki kwenye makumbusho, lakini viigizi vya leo bado vinafuata mpango huo.

Usiniamini kwa maneno. Fungua terminali ya Linux au ya Mac, bonyeza Ctrl pamoja na V, achia, kisha bonyeza mshale wa juu. Utaona ^[[A. Ile ^[ ni namna ya kuionyesha herufi namba 27, ambayo haina umbo lake. Sasa bonyeza tena Ctrl na V, achia, kisha shika Ctrl huku ukibonyeza mshale wa kulia: kwenye Linux mara nyingi utapata ^[[1;5C, na ile 5 ndiyo inayosema kwamba Ctrl ilishikwa.

Pengine unajiuliza: kama kitufe cha Esc nacho hutuma namba 27, programu inajuaje kama nimebonyeza Esc au mshale? Swali zuri, na jibu lake halipendezi sana: inasubiri. Herufi nyingine zikifuata upesi, ni mshale. Kukiwa kimya, ni Esc. Ndiyo sababu kitufe cha Esc wakati mwingine huonekana kizito, hasa mtandao ukiwa wa kusuasua.

Mishale basi ina utaratibu. Home na End ndizo zenye vurugu. VT100 haikuwa na Home kabisa. VT220 ya mwaka 1983 iliongeza vitufe sita vya kuhariri, lakini vilikuwa na majina kama Find na Select, na vilituma mifuatano kuanzia Esc [1~ hadi Esc [6~. Kibodi za kompyuta binafsi zilipokuja na Home, baadhi ya waundaji waliazima namba ya Find, wengine wakachagua Esc [H. Programu iliyozoea mmoja ikipokea mwingine, humeza sehemu yake na kuchapa mabaki. Ile ~ yako ni mabaki.

Ili kuepusha hilo, Linux na jamaa zake wana terminfo, hifadhidata inayoeleza kila aina ya terminali hutuma nini. Programu husoma jina lililo kwenye kigeu cha TERM, kwa mfano xterm-256color, kisha hutafuta maelezo yake. Jina likiwa la uongo, maelezo yote yanakuwa ya uongo.

Mifumo endeshi nayo ina desturi zake. Kwenye Linux, Home kwa kawaida hupelekwa kwa programu. Kwenye macOS, programu ya Terminal huanza ikiwa imepangwa Home isogeze skrini hadi juu ya maandishi yaliyopita, na programu iliyomo ndani haipati habari yoyote. Unaweza kuubadilisha mpangilio huo. Windows kwa muda mrefu ilikuwa na njia tofauti kabisa: programu ilipewa taarifa ya kitufe chenyewe, kimebonyezwa au kimeachiwa, bila mfuatano wowote. Tangu 2018 ina tabaka liitwalo ConPTY linalotafsiri kati ya dunia hizo mbili.

Desturi ipi kuhusu Home ni sahihi? Kwa maoni yangu, kitufe kisichoshikiwa Shift ni mali ya programu iliyo mbele yako, na kusogeza skrini kungepewa Shift. Anayehariri mstari ana haja ya Home mara nyingi kuliko anayesoma ya nyuma. Wazoefu wa Mac watanipinga, na wana hoja: katika programu zao nyingine Home husogeza mwonekano, wala haigusi mahali pa kuandikia.

Ukikwama kwenye mashine ya watu, tumia Ctrl na A kwenda mwanzo wa mstari, Ctrl na E kwenda mwisho. Kwa mipangilio ya kawaida ya bash, programu inayosoma amri unazoandika, zinafanya kazi karibu popote, kwa sababu kila moja hutuma herufi moja tu, namba 1 na namba 5, na hapo hakuna mfuatano wa kubishaniwa.